Mlezi wa mgonjwa wa dimenshia asisahaulike tena

Aprili 6, 2020, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake ili kuzuia korona, wana na mabinti wa Kalamba, Kaunti ya Makueni, wanaofanya kazi jijini walitenganishwa na wazazi wao hadi Julai 7. Wachache walifikiria nyumba zenye mzee mwenye dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Humo, kila kanuni ya korona iligeuka kuwa mtihani. Mgonjwa husahau kunawa mikono. Huenda asimtambue mkwe anayemlisha kwa kuwa amevaa barakoa, akaogopa na kukataa uji. Wengi huhangaika jua likitua na kutaka kutoka, wakati ambapo kafyu, mwanzoni, ilikuwa ikianza saa moja jioni. Mzigo wa kumtunza, kama kawaida, uliwaangukia wanawake, bila malipo wala mapumziko.

Makueni si kaunti isiyo na msingi wa kuanzia. MakueniCare, mpango wa afya wa kaunti ulioanzishwa 2016, uliwapa matibabu ya bure wakazi waliopita miaka 65. Mradi wa kimataifa wa STRiDE, uliohusisha Kenya na nchi nyingine sita, ulifanya utafiti wa dimenshia papa hapa.

Kaunti sasa iwafunze wahudumu wa afya ya jamii kuitambua dimenshia mapema, badala ya kuwaacha majirani waseme mzee amerogwa. Na mpango wowote wa dharura ujao umtaje mlezi: apate kibali cha kusafiri, dawa za mgonjwa zifikishwe nyumbani, na awepo mtu wa kumpokea zamu.