Mwaka Mmoja, Mavuno Mawili: Hoja ya Kuitaja Asili ya Mvinyo wa Dodoma

Maeneo mengi ya mvinyo yanayoelezwa katika vitabu vya kilimo yamo kati ya nyuzi 30 na nyuzi 50 za latitudo, kaskazini na kusini mwa ikweta, mahali ambapo baridi ya kila mwaka huupukutisha mzabibu majani, huulaza, kisha huuacha uchipue upya joto linaporejea. Dodoma, iliyo karibu na nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haimo katika mkanda wowote kati ya hiyo miwili, na kwa muda mrefu imeelezwa kwa yale inayoyakosa: haina majira ya baridi kali, haina maghala ya kale ya chini ya ardhi, wala haina jina katika orodha za wanunuzi wa Ulaya. Toleo hili linashika msimamo kwamba maelezo ya namna hiyo yameanzia pasipofaa. Namna ya kukabiliana na joto la Dodoma inajulikana. Kinachoipunguzia zabibu yake thamani ni kwamba, ikishavunwa, haitenganishwi kwa aina, kwa kijiji wala kwa msimu, na zao lisilotenganishwa haliwezi kulipwa kwa tofauti zake.

Joto lenyewe lastahili kuelezwa kwa usahihi kabla ya kulaumiwa. Uwanda wa Dodoma umeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hali ya hewa ya huko haifanani hata kidogo na ile ya Tanga au Dar es Salaam. Usiku wa Juni na Julai, wakati wa kipupwe, halijoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14. Jambo hili lina uzito mkubwa katika mvinyo, kwa sababu tunda la zabibu linapoiva hujikusanyia sukari na papo hapo hupoteza tindikali, hasa ile iitwayo tindikali ya maliki, ambayo tunda huitumia katika kupumua kwake. Kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo tindikali hiyo inavyokwisha haraka, na mvinyo unaopatikana huwa na kileo kingi lakini hupooza mdomoni, kwa kukosa ule ukali mwanana unaoupa uhai na kuusaidia kudumu. Mwinuko wa Dodoma, pamoja na udongo mwekundu wa kichanga usiotuamisha maji na miezi mingi isiyo na mvua, huufanyia mzabibu sehemu ya kazi ambayo kwingineko hufanywa na latitudo.

Kazi iliyobaki hufanywa na mkono wa mkulima. Mahali pasipo na baridi ya kuulaza mzabibu, mmea huelekea kuendelea kukua mwaka mzima, na anayeamua lini upumzike na lini uzae ni mwenye mkasi: maji hupunguzwa, matawi yaliyokwisha kuzaa hupogolewa, na kutokana na macho yaliyoachwa huchipuka matawi mapya yatakayobeba vichala. Tangu kupogolewa hadi kuvunwa hupita takriban miezi minne, hivyo shamba moja huweza kutoa mavuno mawili kwa mwaka, moja likiangukia karibu na Februari na Machi, jingine kati ya Julai na Septemba. Nchi nyingine za tropiki huufahamu utaratibu wa namna hii, kama ilivyo katika bonde la mto São Francisco huko Brazili, ambako umwagiliaji na upogoaji ndivyo vinavyopanga kalenda ya mzabibu.

Mavuno hayo mawili ni ndugu wasiofanana. Yale ya Februari na Machi huiva katikati ya mvua, ambapo tunda hunyonya maji mengi na sukari yake huzimuliwa, na ambapo unyevu hualika magonjwa ya ukungu kama ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanayomlazimu mkulima kupiga dawa mara kwa mara na pengine kuvuna kabla tunda halijakomaa ili aokoe anachoweza. Yale ya Julai hadi Septemba huiva katika hewa kavu, chini ya jua la mchana na ubaridi wa usiku, na mara nyingi hutoa tunda lenye sukari nyingi zaidi, rangi nzito zaidi na tindikali iliyohifadhiwa vizuri zaidi. Ulaya, ambako mavuno ni moja tu, tarakimu za mwaka zilizoandikwa kwenye chupa humweleza mnunuzi karibu kila anachohitaji kujua kuhusu hali ya hewa iliyolea zabibu zake. Dodoma tarakimu hizohizo hufunika mvinyo wa aina mbili, na mnunuzi aliyeonja mmoja hana njia ya kuutafuta tena.

Tofauti ya misimu huongezewa na tofauti ya aina, yaani mimea ya zabibu yenye tabia maalumu ambayo huzalishwa kwa vipande vya matawi, si kwa mbegu, ili kila mche ufanane na mzazi wake. Aina iliyoenea zaidi kwa wakulima wadogo wa Dodoma ni Makutupora nyekundu, inayobeba jina la mahali, kaskazini mwa mji, palipo na kituo cha utafiti wa zabibu ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Aina hii huzaa sana, huvumilia ukame, huliwa mezani na hukamuliwa kwa mvinyo mkavu na mtamu pia. Wingi huo wa matumizi umeifanya ipendwe na mkulima, lakini pia umeifanya idharauliwe na wale wanaodhani kwamba jina lisilo la Kifaransa haliwezi kuwa na heshima. Kwa upande wa mvinyo mweupe inatawala Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la Loire nchini Ufaransa, ambayo Afrika Kusini imeipanda kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote. Sababu ya kufaa kwake Dodoma inaeleweka kutokana na yaliyokwisha kuelezwa: ni aina inayoshikilia tindikali yake hata tunda linapoivia kwenye joto.

Zipo pia aina zilizoletwa na wawekezaji na wataalamu kutoka nje, hasa katika eneo la Hombolo, ambako kiwanda cha CETAWICO kilianza kazi katika muongo wa kwanza wa karne hii. Syrah, yenye asili ya bonde la Rhône, ina ganda la rangi nzito na hustahimili jua. Aglianico, ya kusini mwa Italia, huchelewa kuiva na huwa na tindikali na tanini nyingi, tanini zikiwa ni zile dutu za ganda na mbegu zinazokausha ulimi na kuupa mvinyo mwekundu uti wa mgongo. Teroldego na Marzemino zimetoka Trentino, chini ya milima ya Alpi, na wataalamu wa vinasaba wanaihesabu Teroldego kuwa ndugu wa mmoja wa wazazi wa Syrah, kiasi kwamba udongo wa Hombolo umewakutanisha jamaa ambao Ulaya iliwatenga kwa milima. Orodha hii fupi inatosha kuonyesha kwamba Dodoma haikosi mali ya kutofautisha. Kila aina hapa ina kiwango chake cha tindikali, siku zake za kuiva na namna yake ya kuitikia mvua, na kuzimimina zote katika tangi moja ni kuyatupa maarifa ambayo mkulima ameyalipia kwa misimu kadhaa ya kusubiri.

Ilivyotokea hata zikamiminwa pamoja ni jambo la historia. Zabibu ziliingia Dodoma kwa njia ya wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, ambao misheni yao ya Bihawana ni miongoni mwa mahali kilimo hiki kilipoanzia, na haja ya kwanza ilikuwa divai ya misa, ambayo hutakiwa iwe safi na ya zabibu halisi, bila kuulizwa imetoka shamba lipi. Baada ya uhuru serikali iliona katika zao hili nafasi ya kuuinua mkoa mkavu uliozoea mtama, uwele na ng'ombe, na kampuni ya umma iliyojulikana kwa kifupi kama DOWICO ikautangaza mvinyo kwa jina la Dodoma peke yake. Jina hilo moja lilifaa kwa wakati wake, kwa kuwa lengo lilikuwa kumfanya Mtanzania ajue kwamba nchi yake ina mvinyo. Halikukusudiwa kumweleza kijiji cha Mpunguzi kinatofautianaje na cha Mvumi, au cha Veyula na cha Chinangali.

Biashara ya leo imeurithi utaratibu huo na kuuzidisha. Zabibu iliyoiva haisubiri, na mkulima asiye na chumba cha baridi hulazimika kuiuza ndani ya siku chache kwa bei atakayopewa, au kuikamulisha iwe kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo ghafi uliochachuka, unaohifadhiwa katika matangi na kuuzwa kwa lita kwa viwanda vinavyouchanganya, kuuongezea utamu na kuupaki. Mchuzi umewaokoa wakulima wengi wasipoteze mavuno yao, na hakuna makala katika toleo hili inayoukejeli. Tatizo ni kwamba katika tangi la mchuzi hukutana Makutupora ya Machi na ya Agosti, tunda lililoiva na lililovunwa mapema kwa hofu ya mvua, na bei hupangwa kwa kilo au kwa lita. Bei ya kilo humlipa mkulima kwa maji. Humwadhibu anayepunguza vichala ili vilivyobaki vikolee, na humzawadia anayemwagilia hadi siku ya mwisho.

Nchi zilizotangulia zilipitia hali hii na zikaitungia sheria. Ureno iliweka mipaka ya eneo la Douro mwaka 1756, wakati mvinyo wa eneo hilo ulipokuwa ukichakachuliwa na bei yake kuporomoka. Ufaransa ilianzisha mwaka 1935 mfumo wa kitaifa wa majina ya asili, unaobainisha kwa kila eneo mipaka yake, aina zinazoruhusiwa na kiasi cha mavuno. Na Afrika Kusini ikaanzisha mwaka 1973 mpango wake wa mvinyo wa asili, ambao leo unadai kwamba jina la eneo litumike tu pale zabibu zote zimetoka humo, na jina la aina pale angalau asilimia 85 ni za aina hiyo. Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania iliamua kuhamishia makao makuu yake Dodoma, uamuzi ulioupa mkoa hadhi ya kisiasa bila kuyapa mashamba yake hadhi inayolingana nayo. Tanzania yenyewe si mgeni wa kanuni hii: kahawa ya arabika hupangwa katika madaraja kabla ya kufika mnadani Moshi, na sheria ya ushuru hutoa nafuu kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Kama mtoza ushuru anaweza kuuliza zabibu imelimwa nchi gani, hakuna kinachomzuia mnunuzi kuuliza imelimwa kijiji gani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba lebo ni anasa, na kwamba mkulima wa ekari moja au mbili anahitaji kwanza maji, miche safi, dawa ya mchwa na soko la uhakika. Mahitaji hayo ni ya kweli, lakini hayapo nje ya hoja hii. Kifaa kidogo cha kupima sukari kwa mwanga, kiitwacho refraktometa, ambacho husoma kiwango hicho katika matone machache ya maji ya tunda, kinatosha kuanzisha bei ya madaraja katika chama cha ushirika. Tangi dogo lililotengwa kwa mavuno ya kiangazi, hata kama matangi mengine yote yatabaki ya mchuzi, linatosha kuonyesha sokoni kuwa tofauti ipo. Umwagiliaji wa matone, kama ule wa shamba la pamoja la Chinangali, hupata maana yake kamili pale tu ambapo tunda lililomwagiliwa kwa kipimo linalipwa kuliko lililojazwa maji.

Makala zilizokusanywa humu zimepangwa kufuata mwendo wa tunda lenyewe: za kwanza zinahusu udongo, mwinuko na upogoaji, za kati zinachambua aina na tabia zake katika pipa na tangi, na za mwisho zinajadili ushirika, ushuru na sheria. Wasomaji ambao imani yao inawakataza kileo hawajasahaulika, kwa kuwa zabibu za mezani, zabibu kavu na sharubati hudai utengano uleule wa aina na msimu, na mkulima anayezilima hudhulumiwa na bei ileile ya kilo.

Pendekezo linaloyaunganisha maandishi yote ni dogo na linaweza kujaribiwa kabla ya sheria yoyote mpya kutungwa: kwamba kila chupa ya Dodoma itaje aina ya zabibu, kijiji ilikolimwa, mwaka wa mavuno na msimu wake, wa mvua au wa kiangazi. Aina na mwaka, lebo nyingi za dunia tayari huvitaja. Kijiji kitadai ushirika wenye kumbukumbu zinazoaminika. Msimu, ambao Bordeaux haina haja ya kuutaja, utaidai Dodoma ijieleze kwa kalenda yake yenyewe, na ndipo itakapowezekana kumlipa mkulima wa Agosti kwa kile kilichomtofautisha na mkulima wa Machi.