Adhabu ya Mola na Ulimi wa Jirani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwadilifu asiyemdhulumu mja Wake hata uzito wa chembe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, Jumamosi iliyopita, baada ya darsa ya Alasiri, alitujia mama mmoja akiwa amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto ana umri wa miaka sita, na tangu kuzaliwa hajaweza kusimama. Mama yule hakuja kuomba msaada wa fedha. Alikuja na swali. "Maalim," alisema, "jirani yangu ameniambia kuwa mtoto huyu ni adhabu. Ati babu yake alikula mali ya mayatima, na sasa Mungu anamtoza mjukuu. Ni kweli?" Kabla hatujafungua kinywa, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu, anayesoma chuo kikuu, aliongeza lake: "Na wale Mayahudi, Maalim, ambao Qur'ani imetusimulia mara nyingi jinsi walivyoadhibiwa, wao wenyewe wasemaje kuhusu uadilifu wa adhabu hiyo?"

Mama tulimjibu pale pale, na jibu lake msomaji atalikuta mbele. Kijana tulimwahidi kumjibu katika safu hii, kwa kuwa tuliona maswali yale mawili yana mzizi mmoja.

Tunajua wapo watakaokunja uso na kusema: kwa haya yanayotendeka leo katika ardhi ya Palestina, kwa nini tuwataje Mayahudi katika mambo ya dini? Jibu letu ni kwamba Mola wetu ametuamrisha katika Surat Al-Maida kuwa chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Dhuluma tutaiita dhuluma. Na elimu ya watu wa Kitabu tutaisoma kwa insafu, tukichukua linalowafikiana na haki na kuacha lisilowafikiana nayo.

Tuanze na baba wa wote, Nabii Ibrahim (A.S.). Katika kitabu chao cha Mwanzo imesimuliwa kuwa alipojulishwa juu ya maangamizi ya mji wa Sodoma, alisimama akamhoji Mola wake: je, mwema ataangamizwa pamoja na mwovu? Ikiwa mjini mna wema 50, hautasamehewa? Na wakiwa 45? Akashuka hadi 40, 30, 20, akaishia kwenye 10, na kila mara akakubaliwa. Nasi katika Surat Hud tumeelezwa kuwa Ibrahim alijadili juu ya watu wa Lut, naye akasifiwa hapo hapo kwa upole na huruma yake, kisha akaambiwa aliache jambo hilo kwani amri ya Mola imekwisha kuja. Wanavyuoni wa Kiyahudi wameitegemea sana habari hii. Kwao, mja kuuliza juu ya haki ya Mungu si kukufuru, maadamu anauliza akiwa mbele ya Mungu na wala hajampa mgongo. Na tuangalie Ibrahim alikuwa akimtetea nani. Hakujitetea nafsi yake wala jamaa zake tu. Aliuombea mji mzima uliojaa waovu.

Swali la pili ni lile la mama yetu: je, mtoto huadhibiwa kwa dhambi ya mzazi? Katika kitabu chao cha Kutoka yapo maneno kwamba Mungu hupatiliza uovu wa baba kwa watoto hata kizazi cha tatu na cha nne. Lakini katika Kumbukumbu la Torati mna hukumu kwamba baba asiuawe kwa kosa la mwana, wala mwana kwa kosa la baba. Kisha wakati wa uhamisho wa Babeli, watu walikuwa na methali yao kuwa baba wamekula zabibu chachu, na wenye kufa ganzi la meno ni watoto. Walimaanisha kuwa wao wanateseka kwa makosa ya wazee wao. Nabii Ezekieli, ambaye baadhi ya wanavyuoni wetu humtaja kwa jina la Hizqil, akaikemea methali hiyo na kufundisha kuwa kila nafsi itajibu kwa kosa lake yenyewe.

Marabi wa Talmud, ile bahari ya mijadala yao iliyokusanywa huko Babeli, katika nchi ya Iraki ya leo, hawakuifumbia macho tofauti hiyo. Baadhi yao walisema kuwa mtoto hupatilizwa pale tu anapoushika uovu wa babaye na kuufanya kuwa wake. Mwingine alithubutu kusema kuwa lile lililotamkwa na Musa, Ezekieli alikuja akalitangua. Sisi Waislamu tunalo neno lililo wazi zaidi. Katika Surat An-Najm, Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa miongoni mwa yaliyokuwamo katika kurasa za Musa na za Ibrahim ni hili: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Basi jirani yule aliyemhukumu mtoto kwa kosa la babu yake ameipinga Qur'ani, na ameyapinga hata yaliyokuwamo katika sahifa za kale.

Tuje kwa Nabii Ayub (A.S.). Katika kitabu cha Mayahudi kinachoitwa kwa jina lake, mja mwema anapotelewa na mali, watoto na afya. Marafiki watatu wanakuja kumtaziya. Siku saba wanakaa naye chini, kimya, wala hapana ubaya. Ubaya unaanza wanapofungua vinywa, wakamwambia kuwa Mungu hamuonei mtu, kwa hivyo lazima lipo kosa alilolificha. Marafiki hao walijiona ni mawakili wa uadilifu wa Mungu. Lakini mwishoni Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayub aliyelia na kulalamika, na wanatakiwa waombewe na yule yule waliyemtuhumu.

Kisa hiki hakikubaki kuwa simulizi tu. Wanavyuoni wao walikitolea hukumu ya sheria. Katika Talmud, mlango unaozungumzia kudhulumiana katika biashara, wamesema kuwa ipo dhuluma ya maneno kama ilivyo dhuluma ya mizani. Miongoni mwa mifano yake ni kumwambia mtu aliyefikwa na maradhi, au aliyezika watoto wake, maneno kama ya marafiki wa Ayub. Na marabi hao hao wamefundisha mahali pengine kuwa mtu akijiona yamemfika mateso, basi ayapekue matendo yake mwenyewe. Akipekua asione kitu, huenda mateso hayo si adhabu bali ni ya mapenzi. Msomaji ataona hapana mgongano. Kujipekua ni wajibu wa mtu juu ya nafsi yake. Kumpekua mwenzako aliyelala kitandani ni dhuluma.

Hata hayo mateso ya mapenzi hawakuyatia asali. Wanasimulia kuwa Rabi Yohanan, aliyefiwa na watoto 10, alimzuru mwenzake mgonjwa akamuuliza: je, wayapenda mateso haya? Mgonjwa akajibu kuwa hayataki, wala hayataki malipo yake. Rabi Yohanan hakumkaripia. Alimwambia ampe mkono, akamwinua. Baadaye yeye mwenyewe aliugua, akaja mwingine kumwinua vivyo hivyo. Wakauliza: kwa nini hakujiinua mwenyewe? Jibu likawa kuwa mfungwa hajitoi gerezani.

Wapo pia walioshindwa. Talmud yasimulia habari ya mtoto aliyetumwa na babaye apande juu akalete makinda ya ndege. Akapanda, akamwachia mama ndege aende zake kama Taurati ilivyoamrisha, kisha akaanguka akafa. Alikuwa ametekeleza amri mbili, kumtii mzazi na kumwachia ndege, ambazo zote mbili zimeahidiwa umri mrefu. Inasemwa kuwa mwanachuoni Elisha ben Abuya aliona jambo kama hilo akatoka katika dini. Rabi Yaakov alijibu kuwa umri mrefu ulioahidiwa ni wa ulimwengu ule mwingine, na malipo ya wema hayamo katika dunia hii. Muislamu akisikia jibu hilo halioni geni, kwani hesabu haifungwi kabla ya Siku ya Hesabu.

Kuhusu adhabu ya huko Akhera, imepokewa kwa Rabi Akiva kuwa hukumu ya waovu katika Jehanamu ni miezi 12. Hapa njia zetu zinatofautiana, kwani Qur'ani, katika Surat Al-Baqara, imewakanya wale waliojipa uhakika kuwa moto hautawagusa ila siku za kuhesabika. Sisi hatumpangii Mola muda. Lakini ipo ada moja katika jambo hili inayotufaa kuitafakari. Mwana wa Kiyahudi humsomea mzazi wake aliyekufa dua iitwayo Kadishi, na ada iliyoenea ni kuisoma miezi 11, si 12, ili asije akamfanya mzazi wake aonekane kama mwovu aliyestahili muda wote. Hata kwa maiti wake mwenyewe, mtu hapitishi hukumu.

Mtihani mkubwa wa fikra hizi ulikuja katika karne iliyopita, pale utawala wa Hitler ulipowaua Mayahudi takriban milioni 6 huko Ulaya, wakiwamo watoto wengi mno. Kwa karne nyingi walikuwa wakisema katika sala zao za sikukuu kuwa walitolewa katika nchi yao kwa dhambi zao wenyewe. Je, na hili pia walisemee hivyo? Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa kundi la Satmar, ambaye naye aliokoka katika mauaji hayo, alishikilia kuwa ni adhabu kwa kosa la Uzayuni, yaani kutaka kujisimamishia dola kabla ya kuja kwa Masihi. Eliezer Berkovits, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, alikataa katakata kuiita adhabu. Alisema Mungu amempa mwanadamu hiari, na maadamu hiari ipo, dhalimu ataweza kudhulumu, hata ikawa kana kwamba Mungu ameuficha uso Wake. Akaongeza kuwa wale ambao hawakuwapo si Ayub. Wao ni ndugu wa Ayub tu, na haiwafalii kusema kana kwamba waliyapata wao. Naye Rabi Irving Greenberg wa Marekani aliweka kipimo kizito: lisisemwe neno lolote la dini ambalo haliwezi kusemwa mbele ya watoto wanaochomwa moto.

Kipimo hicho, ndugu wasomaji, kimetukumbusha kosa letu wenyewe. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa wageni wa mimbari, vijana wawili wa mtaa wetu walizama baharini siku ya pili ya Idi. Ijumaa iliyofuata tulihutubu kuwa bahari imewachukua kwa kuwa vijana wa siku hizi wameacha swala na kukimbilia michezo. Hutuba ilipangika, na watu walitusifu. Hatukujua kuwa mama wa mmoja wao alikuwa ameketi upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Baadaye tuliambiwa kuwa mwanawe aliswali Alfajiri jamaa siku ile ile, katika safu ya mbele. Tulikwenda kumtaka radhi. Alitukaribisha, akatutilia kahawa, akasema ameshasamehe. Lakini hakuja tena kusikiliza hutuba msikitini kwetu hadi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi pia tulijiona ni mawakili wa uadilifu wa Mola.

Atasema msomaji: je, si Qur'ani, katika Surat Ash-Shura, inayotuambia kuwa misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu, na kwamba Yeye husamehe mengi? Naam, na twaiamini. Lakini aya hiyo ni kioo, si bakora. Kila mmoja ajitazame ndani yake, asimchapie mwenziwe. Na tumefundishwa vilevile kuwa wenye mitihani mikubwa zaidi ni Mitume, na kuwa Muislamu hachomwi hata na mwiba ila hufutiwa kwao baadhi ya makosa yake. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, alilia. Jua likapatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto yule. Yeye aliwakataza, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa Mtume mwenyewe hakuruhusu msiba wa nyumba yake usomwe mbinguni, sisi ni nani tuusome msiba wa jirani?

Basi yule mama tulimwambia hivi: "Mwanangu, mtoto wako hana dhambi, wala kalamu haijaanza kumwandikia. Babu yake, kama kweli alikula mali ya yatima, atajibu mwenyewe. Kwa nini mtoto huyu hasimami, mimi sijui, na anayekwambia kuwa anajua amejipa elimu ya ghaibu." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, basi mwambieni na jirani."

Ndiyo sababu tumeandika. Ewe jirani, kama unausoma ukurasa huu, mlango wa toba u wazi, na wa kwako uko hatua chache tu kutoka nyumbani kwako. Nenda ukabishe hodi, utake radhi, kisha umpakate mtoto yule wakati mamaye anaswali.

Ewe Mola wetu, tusamehe yaliyotutoka vinywani, uwape shufaa wagonjwa wetu, uwape subira waliofiwa, na utufanye tuwe wenye kunyoosha mkono kabla ya kunyoosha kidole. Amin.

Wallahu a'alam.