Karavani zinapofunga virago
Basi washikaji, nimealikwa shambani huku Uingereza, kwenye kambi ya wanachama wa klabu ya karavani iliyoanza mwaka 1901. Zimebaki siku mbili, na kasheshe ni kufungasha: choo cha kubebeka kimwagwe, maturubai yaanikwe yasiote ukungu. Usiku kila karavani inaning'inizwa taa za rangi, bomba mbaya! Ila jirani yetu, babu wa miaka 80, hataki kuzima zake mpaka alfajiri. Mkewe kafariki, macho yamefifia, kuikokota karavani barabarani hawezi tena. Watoto wanataka iuzwe.

"Kijana, hapa ndipo watu wananijua kwa jina," kaniambia.

Jumatatu mwanawe anakuja kuichukua. Mimi namsaidia babu kukunja turubai, taratibu, makusudi kabisa.