BMW 325i: Ndinga ya Kuuzia Sura au ya Kuishi Nayo?

Tumeongea sana habari za Vitz, IST na Passo hadi baadhi yenu mkaanza kulalamika, eti dada, sisi tuliopandishwa vyeo utatukumbuka lini? Nimewakumbuka. Mwezi huu ni zamu ya BMW 325i, ile ya umbo la E90 iliyoingia sokoni mwaka 2005. Mpya si mpya, najua. Lakini ndiyo BMW ambayo mtu wa benki au wa kampuni ya simu anaweza kuiota usiku na kesho yake akaenda kuiulizia bei bila kuchekwa.

Na safari hii sikuijaribu kwa ajili ya kuandika tu. Mdogo wangu wa kiume, anayefunga ndoa Desemba, kaipenda moja nyeusi inayouzwa na jirani yangu hapa Mbezi Beach. Ni ya mwaka 2006, imetoka Japani, na imeshatembea kilomita 98,000. Yeye na mchumba wake wana akiba waliyoichanga pamoja kwa miaka mitatu, na mchango wa wifi yangu unakaribia nusu. Akiba hiyo ilikuwa na kazi yake: kuinua msingi kwenye kiwanja chao Kigamboni. Mdogo wangu anasema kiwanja hakiozi. Wifi anasema na kodi ya nyumba haisubiri. Wakaniomba niwe refa. Jirani akatuachia funguo Jumamosi nzima, tukaenda nayo Bagamoyo na kurudi.

Tuanze na utamu, maana upo, na mwenye kuubeza hajawahi kukaa nyuma ya usukani wake. Injini ni ya cc 2500, silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja, nguvu za farasi 218. Mpangilio huo wa silinda una faida moja kubwa: mtikisiko wa silinda moja unafutwa na wa mwenzake, kwa hiyo injini inakuwa tulivu kupita kiasi. Kwenye foleni ya Mwenge niliangalia mshale wa mizunguko mara mbili kuhakikisha haijazima. Bloku lake ni mchanganyiko wa magnesiamu na aluminiamu ili pua ya gari isilemee, na uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Tairi za nyuma zinasukuma, za mbele kazi yake ni kukata kona tu.

Unajua maana yake barabarani? Ukishapita Bunju, ukalikuta lori la mchanga linajikongoja, unachungulia, unakanyaga, giaboksi inashusha gia mbili na lori linabaki kwenye kioo. Hakuna kelele za kuomba msaada. Sifuri hadi mia ni kama sekunde saba. Breki zinashika bila kushtua abiria, na usukani ni mzito kidogo kwa mkono uliozoea Toyota, ila kila jiwe dogo la barabarani unalijua liko tairi gani. Nawakumbusha tu kwamba vijijini mwendo ni 50, na jamaa wenye tochi hawajali unaendesha nini. BMW hii ndiyo inayoponza: 100 yake unaisikia kama 60.

Sasa nikauliza swali ambalo wauzaji hawalipendi. Toyota Mark X ya rika hilohilo, ya cc 2500, ina nguvu za farasi 215. Nayo ni silinda sita, gia sita, inasukumwa na tairi za nyuma. Farasi watatu tu pungufu! Kwa mbio za taa hadi taa hutaona tofauti ya maana. Tofauti iko kwenye kona. Mark X inayumba kidogo na kukubembeleza, BMW inakaa palepale ulipoiweka. Kama wewe ni mtu wa Mikocheni hadi Posta na kurudi, hiyo kona ya kulipia pesa zote hizo utaikutia wapi?

Starehe nimeipima kwa mdomo wa wifi, maana yeye alikaa nyuma. Kwenda alikuwa kimya, nikadhani amesinzia. Tulipofika Mapinga akasema, "Wifi, huku nyuma matuta nayahesabu." Ana haki. Gari hizi zilitoka kiwandani na tairi ngumu za pembeni, zinazoweza kutembea mwendo mdogo hata zikiishiwa upepo, na kwa sababu hiyo hazikupewa tairi ya akiba. Ulaya sawa. Kwetu sisi wa mashimo na vumbi, ugumu ule unaingia moja kwa moja mgongoni, na tairi zenyewe bei yake si ya kawaida. Wengi wanaishia kufunga tairi za kawaida, gari linalainika, kisha wanabeba tairi ya akiba kwenye buti na kula nafasi ya mizigo. Uliza mapema.

Kingine, gari liko chini. Barabara ya vumbi inayoingia kwa huyo jirani niliipita kwa upandeupande kama kaa.

Mbele lakini, jamani, ni raha. Siti zinakukumbatia mbavuni, mlango unafungwa kwa mlio mzito, kiyoyozi kinapoza hadi unaomba radhi. Nyuma watu wawili wazima wanakaa vizuri, wa tatu atakaa juu ya kile kibonge cha katikati na atanuna hadi mwisho wa safari. Redio ilitutia aibu: mitambo ya Japani ilitengenezwa kwa masafa ya chini kuliko yetu, kwa hiyo stesheni nyingi za Dar haizishiki, na kioo kinaongea Kijapani. Mara nyingi fundi wa kompyuta huweza kurekebisha, ila nayo ni gharama ya kuweka kwenye hesabu.

Tuje kwenye pesa. Mdogo wangu alikuwa na hoja yake moja aliyoirudia njia nzima: "Dada, bei ni sawa na ya Mark X, sasa kwa nini nisipande Mjerumani?" Ni kweli bei zinakaribiana. Lakini jiulize kwa nini. Japani gari dogo hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi ule una gharama. Likizidi miaka 13 kodi ya mwaka inapanda. Mjapani anaona bora alipeleke mnadani. Kwa hiyo kilichoshuka ni bei ya gari. Bei ya spea haikushuka. Pampu inakuja na bei ya BMW, na haijui kwamba wewe ulinunua mtumba.

Pampu nimeitaja makusudi. Injini hii haina pampu ya maji ya kuzungushwa na mkanda kama tulivyozoea. Yake inaendeshwa kwa umeme, na sifa yake mbaya ni kufa kwenye kilomita laki moja hivi, mara nyingi bila kutoa dalili. Injini inapanda joto, na ukikaidi kuendesha unaua silinda hedi. Gari la jirani lina 98,000, na jirani hana karatasi inayoonyesha kwamba imebadilishwa. Ongeza gasketi za juu ya injini zinazovujisha oili zikizeeka. Ongeza kwamba nyingi hazina kile kijiti cha kupimia oili, unasoma kwenye kioo. Hata betri mpya inabidi itambulishwe kwa kompyuta ya gari, vinginevyo haichajiwi inavyotakiwa. Fundi wa chini ya mwembe, tunampenda, ila hapa hatufai.

Mafuta siyo jinamizi kama watu wanavyotisha. Safari ya Bagamoyo tulikula kama lita tisa kwa kilomita mia, mjini ikapanda hadi kumi na tatu. Mark X haina la kucheka hapo.

Na kama unafikiria kuagiza yako mwenyewe, fahamu kwamba kwetu ushuru wa bidhaa unapanda injini ikivuka cc 2000, na gari lililozidi miaka kumi linatozwa zaidi. Kwa wasomaji wangu wa Nairobi habari ni fupi: sheria yenu ya miaka minane haiwaruhusu kuliingiza kabisa, mtanunua lililopo tayari nchini. Najua kuna atakayesema basi achukue 320i ya cc 2000. Mimi siipendi. Farasi 150 kwenye bodi ileile, spea za BMW zilezile, na ule utamu wa silinda sita haupo.

Tukiwa tunakula samaki Bagamoyo wifi aliuliza, "Pampu ikifa wiki ya harusi, nani analipa?" Mdogo wangu akatazama baharini. Mimi nina kipimo changu: mtumba wa Kijerumani usiununue kama ukishalipa hubakiwi na robo ya bei yake kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Wao wangebakiwa na pesa ya mafuta.

Halafu kuna kadi ya gari, ambayo wapenzi wengi wanaona haya kuizungumzia. Mdogo wangu alishaandaa iandikwe jina lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa kuwa ni yake, hadi mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Na hawa hata ndoa bado! Nikamwambia wifi mbele ya mwenyewe: mchango wako uandikwe kwenye karatasi, msaini wote, kabla shilingi haijatoka benki. Mdogo wangu alinuna mpaka Tegeta, kisha akasema, "Sawa, dada, andika wewe hiyo karatasi."

Msimamo wangu niliwapa tukiwa tunarudisha funguo. Gari ni zuri, tena zuri sana, kwa mtu ambaye pesa yake haina kazi nyingine mwaka huu. Ya kwao inayo. Kama bado wanaitaka, jirani abadilishe pampu na kidhibiti joto chake kwa gharama zake, fundi mwenye kompyuta aipime, na msingi wa Kigamboni utolewe kwanza kwenye akiba. Kinachobaki ndiyo bei. Jirani kaguna, ila hakukataa. Amesema atasubiri hadi mwisho wa mwezi.