Lubumbashi: Mtafiti akibisha hodi, mkaaji awe na haki ya kukataa

Mwanafunzi wa saikolojia anayeandika kazi yake ya mwisho wa masomo hapa Lubumbashi hufika siku moja Katuba au Ruashi, karatasi ya maswali mkononi. Haulizi bei ya unga. Anauliza kuhusu hofu, kipigo cha nyumbani, mtoto aliyefariki. Mama anayejibu anaweza kukosa usingizi usiku huo.

Kanuni zinajulikana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililoandikwa na waganga kuhusu utafiti kwa binadamu, linataka mtu aelezwe kwanza, akubali kwa hiari, na awe huru kujiondoa wakati wowote. Lakini karatasi ya kukubali ikiwa kwa Kifaransa, na anayetia sahihi anasikia Kiswahili tu, sahihi hiyo inamlinda mtafiti peke yake.

Mji huu una historia yake katika jambo hilo. Wakati wa ukoloni, ulipoitwa Elisabethville, kampuni ya Union Minière iliwapima wafanyakazi weusi akili na ustadi ili kuwapangia kazi. Aliyepimwa alilipwa mshahara na huyo huyo aliyempima. Angekataa namna gani?

Leo mkoloni hayupo, lakini kukataa bado ni kugumu. Mgeni mwenye kalamu hudhaniwa kuwa mtu wa shirika aliyeleta msaada. Akisindikizwa na shefu wa kartiye, kumkatalia kunaonekana kukosa heshima. Hata mwanafunzi anayeulizwa na mwalimu wake mwenyewe huwaza pointi zake.

Kwa hiyo fakulte zisiruhusu mtu yeyote kwenda kuhoji wakaaji kabla ya kuonyesha mambo matatu: maelezo kwa Kiswahili cha hapa, yanayosema wazi kwamba hakuna msaada utakaogawiwa na anayekataa hatapata shida, namna majina yatakavyofichwa, na mahali pa kumpeleka yule ambaye maswali yataamsha uchungu wake.

Wengine watasema hayo yatachelewesha masomo na kupunguza wanaojibu. Huenda ni kweli. Ila mtu anayejibu kwa woga, au kwa kutumaini mfuko wa unga, husema kile anachodhani mgeni anataka kusikia. Kazi iliyojengwa juu ya majibu ya namna hiyo haimfundishi mtu kitu. Wachache waliokubali kwa moyo wao wana faida kuliko mia waliokosa njia ya kukataa.