Mizani ya Faida

Wapo wasomi wetu wanaolipima kila jambo kwa swali moja: lina faida gani? Sisi wa Miono twawauliza: faida ya nani, na mizani kaishika nani?

Jeremy Bentham wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1832, alifundisha kwamba jema ni lile liletalo raha nyingi kwa watu wengi. Maneno matamu! Miaka miwili baadaye sheria iliyochangiwa na wafuasi wake iliwatia maskini katika nyumba za kazi, mume akatengwa na mkewe.

Kwetu hesabu hiyo ilikuja na mkonge, ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Mkata mkonge alipewa kipande cha siku 30, wala hakulipwa mpaka kijae. Jina la babaye halikutakiwa. Alipewa namba, akaitwa manamba. Lugha yetu imelihifadhi neno hilo, na hatujui ushahidi mkali kuupita huo. Nyuzi za plastiki zilipouangusha mkonge baada ya mwaka 1964, manamba yule yule akaambiwa hana faida.

Mashine hatuzikatai. Mkulima wa ufuta anataka kinu cha kukamulia, na ni haki yake. Tunaloikatalia ni ile hesabu inayopenya nayo mlangoni: kwamba ngoma ya mavuno ni kupoteza saa, kwamba mzee asiyeliweza jembe ni mzigo. Hebu watwambie wapimaji hao: raha ya watu wengi waliyoiahidi ni ipi, kama si ile ya uwanjani jioni?