Kampuni ya bima nayo hufilisika

Kaa Kariakoo jioni, Mtaa wa Narung'ombe au Mkunguni, wateja wanapopungua na vijana wanaanza kukunja vitenge, utasikia imani ambayo hakuna anayethubutu kuipinga: kampuni ya bima haipati hasara. Inakusanya kwa wote, inalipa wachache, na hao wachache inawazungusha mpaka wakate tamaa. Basi mwenye akili, wanasema, hakati bima. Mwenye akili ananunua hisa za bima, anazilaza miaka thelathini, wanawe wanakuja kuvuna.

Siku hizi imani hiyo imepata na hesabu yake. Kijana anatoa simu, anaandika shilingi milioni moja, faida ya asilimia 15 kwa mwaka, miaka 30. Jibu linatoka: zaidi ya milioni 66. Benchi zima linaguna. Na kweli hajakosea kuzidisha. Tatizo ni ile asilimia 15, ambayo hakuna aliyemuuliza kaitoa wapi.

Ukimbana atakutajia Warren Buffett. Sawa, tumtazame. Mwaka 1967 kampuni yake ya Berkshire Hathaway ilinunua kampuni ya bima ya National Indemnity, ya Omaha huko Marekani, kwa dola milioni 8.6. Kuanzia 1964 hadi 2024 hisa ya Berkshire ilikua kwa wastani wa karibu asilimia 20 kila mwaka. Lakini utajiri ule haukutokana na bima peke yake. Bima ilimpa Buffett fedha za watu za kushika, kuanzia siku mteja anapolipa ada mpaka siku anapodai fidia, naye akazitumia kununua biashara nyingine kubwa kubwa, na kukataa wateja pale bei ya bima ilipokuwa mbaya. Kumfanya yeye kipimo cha kampuni zote za bima ni kuchagua mshindi baada ya mbio kwisha. Mbona hatajwi AIG? Mwaka 2008 ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za bima duniani. Serikali ya Marekani ilibidi iiokoe kwa ahadi zilizofikia dola bilioni 182, na mwaka uliofuata kila hisa 20 zikaunganishwa kuwa moja. Aliyezilaza aliamka na makombo.

Lakini tuiache Marekani, maana jirani zetu wana ushahidi wa kutosha.

Agosti 2007 hisa za Kenya Re, kampuni ya bima mtawanyo, yaani inayozikatia bima kampuni za bima, ziliingia Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya ilikuwa imeziuza kwa shilingi 9.50 za Kenya kila moja. Tuseme ulinunua moja ukailaza. Mwaka 2019 kampuni ilitoa hisa za bonasi, tatu kwa kila moja, ukawa nazo nne. Mwaka 2024 ikatoa tena, moja kwa kila moja, ukawa nazo nane. Nane! Wapo wanaoishia hapo wakashangilia. Sasa zipeleke sokoni mwishoni mwa 2024, kila moja inauzwa shilingi moja na senti. Jumla yake inazunguka kwenye shilingi 10. Miaka 17 imepita na mtaji umesimama pale pale. Gawio lilikuwepo, siwezi kulificha, lakini gawio hilo hilo ndilo lililopaswa kufidia kushuka kwa thamani ya fedha. Uliponunua, dola moja ilikuwa kama shilingi 67 za Kenya. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa kama 129. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou hahitaji mchumi wa kumweleza maana ya hapo.

Britam iliuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 9 za Kenya. Mwaka 2023 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa kama shilingi 5. Jubilee, iliyoanzia Mombasa mwaka 1937, ni kampuni ya heshima na inatoa gawio. Hata hivyo hisa yake iliyovuka shilingi 500 mwaka 2015 ilikuwa chini ya 200 mwaka 2023. Jubilee hiyo hiyo imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2006, na hapo linajitokeza jambo ambalo simu ya yule kijana haina kitufe chake: siku nyingi hakuna anayenunua hisa hiyo hapa wala anayeuza. Mtu wa Kariakoo anajua mzigo usio na mnunuzi una thamani gani, hata ukiandikwa bei nzuri.

Kwa nini biashara inayodaiwa kula tu inakonda hivi? Kwa sababu haili tu. Bima za magari, kuanzia ile ndogo inayolazimishwa na sheria, ndizo zinazoleta wateja wengi, na kampuni zinavutana kwa wateja hao kwa kupunguza bei, mawakala nao wanataka kamisheni yao. Bei ikishuka chini ya ajali zinazokuja, fedha ya mwaka huu inalipa madai ya mwaka jana, mpaka siku haitoshi. Kenya waliliona hilo kwenye matatu. United Insurance ilianguka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi 2011, na zote mbili zilikuwa na bima nyingi za magari ya abiria. Kampuni ikifika hapo, madai ya wateja hutangulia. Mwenye hisa husubiri mwisho wa foleni, na mara nyingi foleni haimfikii.

Nyumbani tunalo Shirika la Bima la Taifa. Tangu 1967 lilikuwa peke yake Tanzania Bara hadi soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Hakuna ndoto nzuri kuliko hiyo kwa anayeamini bima ni kula: nchi nzima na mshindani hakuna. Bado likaja kusuasua na kuingia kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Baadaye lilijengwa upya na leo linapata faida, lakini kwa kazi ya kusafisha vitabu na kulipa madai, wala si kwa kungoja.

Atakayenijibu kwa NMB nitamsikiliza. Hisa iliyouzwa shilingi 600 mwaka 2008 ilikuwa zaidi ya 5,000 mwaka 2024, na magawio juu yake. Lakini hiyo ni benki, na tunaitaja kwa sababu ilishinda. Waliochukua Vodacom kwa 850 mwaka 2017 nao walikuwa na subira, na miaka mingi wameiona hisa yao ikiuzwa chini ya hapo. Waliochukua Precision Air kwa 475 mwaka 2011 hawapigiwi hesabu kwenye benchi lolote.

Sina ugomvi na soko la hisa. Kinachoniuma ni nusu ya kwanza ya imani ile, ya kwamba mwenye akili hakati bima. Tanzania ada zote za bima zikijumlishwa ni takriban asilimia 2 tu ya pato la taifa. Mtu ana fremu aliyoitolea kilemba cha mamilioni, ndani kuna mzigo wa mkopo, juu yake nyaya za umeme zimefungana, na hana karatasi hata moja inayomlinda. Usiku wa 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Mchikichi na Kongo, likaua watu na kufukia mali. Anayemwambia mfanyabiashara wa mitaa hii aache kukata bima ya moto ili anunue hisa za kampuni ya bima anamwambia aweke mtaji wake wote juani, kisha achangie kidogo kwenye mwavuli wa mwingine.

Na kama bado una fedha ya hisa baada ya mzigo wako kuwa na bima, dai taarifa za hesabu za kampuni kabla hujatoa senti. Tazama katika kila shilingi 100 ya ada ni ngapi zinaliwa na madai na gharama za uendeshaji. Zikipita 100, kampuni inaishi kwa uwekezaji wake tu, nao uukague. Tazama imetoa gawio miaka mingapi mfululizo. Muulize dalali wako hisa hiyo iliuzwa lini mara ya mwisho, na ziliuzwa ngapi.